Siku Niliyowafuta Watu Wote wa Kona ya Porojo

Wanachama: sifuri.

Ujumbe: sifuri.

Nikadhani macho yananidanganya. Nikabonyeza tena.

Sifuri...

Jamani, kwa kidole hikihiki kinachoandika hapa, Jumamosi saa nne asubuhi, nilikuwa nimewafuta watu mia mbili na kumi na wanne. Marafiki zangu wote niliokuwa nao duniani. Na nikisema wote sitii chumvi, subiri nikusimulie.

Naitwa Nidia. Nina miaka arobaini na moja, naishi mji wa Asunción, Amerika ya Kusini, ghorofa ya tatu, peke yangu. Kazi yangu ni kutunza databesi za kampuni moja inayouza nyama ya kugandisha.

Kama hujui databesi ni nini, usijali. Marehemu mama yangu alikufa akiamini natengeneza printa. Chukulia ni ghala kubwa la taarifa, na mimi ndiye mwenye ufunguo. Kila mtu hunikumbuka ghala likigoma kufunguka. Likifunguka, basi, mimi sipo.

Nafanya kazi nyumbani. Bosi wangu nimemwona mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kwenye msiba. Kuna wiki nilikaa kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu bila kutumia sauti yangu. Jumatatu simu ikaita, nikasema "haloo", ikatoka sauti ya mkwaruzo nikajishtukia mwenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo alikuwa anaishije? Alikuwa anaishi Kona ya Porojo.

Kuna jukwaa mtandaoni la watunza databesi wa Amerika ya Kusini na ya Kati. Watu huingia pale kuuliza matatizo ya kazi. Lakini ndani yake kuna kona moja ambako kazi ni marufuku kutajwa. Ukiitaja tu, adhabu yako ni kupiga picha ya chakula chako cha mchana kama kilivyo, bila kupanga sahani, uiweke pale watu wakusute.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa hivi:

"Leo nimeota nimeoa databesi." Huyo ni Derlis wa Ciudad del Este, rafiki yangu wa miaka minane.

"Afadhali hiyo. Ukiiuliza kitu inakujibu. Mkeo hajakujibu tangu Pasaka." Huyo Maritza wa Tegucigalpa, mdomo wake hauna breki.

"Derlis, ukifukuzwa njoo Villarrica. Nina kuku wanahitaji mlinzi." Huyo alikuwa Don Eulogio, mzee wetu.

"Hao kuku wamekukosea nini, mzee wangu?" Huyo mimi.

Ujinga mtupu. Miaka tisa ya ujinga mtupu, na sijawahi kupenda kitu kama nilivyoupenda ujinga ule.

Don Eulogio alifariki miaka mitatu iliyopita. Kona ilinyamaza siku mbili nzima. Halafu Maritza akaweka utani, tukacheka tukilia, tukaendelea.

Jukwaa lile halina mwenyewe. Aliyelianzisha alilichoka, nikajitolea kulitunza mimi, bure. Na ukinipa kitu nikitunze, mbwembwe zinanipanda. Hilo nakiri.

Jumanne ya wiki ile nikaona diski inakaribia kujaa. Nikaangalia orodha, nikakuta akaunti themanini na kitu ambazo hazijawahi kuandika hata neno moja. Wanaingia, wanasoma, wanaondoka.

Nikaweka tangazo. "Jumamosi nafanya usafi. Ambaye hajawahi kuandika chochote, namfuta."

Alhamisi nikapata barua pepe. Jina la akaunti lilikuwa Visita, yaani mgeni. Ilikuwa fupi:

"Dada Nidia, samahani kwa usumbufu. Mimi husoma tu, sijui kuandika vizuri mambo ya huko. Naomba usinifute."

Unajua nilifanya nini?

Niliichukua ile barua nikaibandika Kona ya Porojo. Watu wacheke.

"Wadau, nimepata ombaomba."

Derlis akadaka. "Anasoma nini huyo? Mapishi ya Maritza?"

Maritza akasema, "Mwambie aimbe kwanza ndiyo abaki."

Mwingine akadakia, "Huyo ni mpelelezi wa mke wako, Derlis."

"Basi mfute haraka," Derlis akajibu.

Mimi nikamalizia. Nikaandika hivi, na naomba uisome taratibu kwa sababu mimi naisoma kila siku:

"Mtu asiyesema kitu miaka mitatu, hata akiondoka nani atajua?"

Nikapata alama za kicheko ishirini na saba. Nilizihesabu.

Basi, Jumamosi ikafika. Nikatengeneza tereré yangu, chai yetu baridi ya maji ya barafu na majani ya mnanaa, nikakaa.

Amri niliyoandika ilikuwa na mistari miwili. Mstari wa kwanza: futa wanachama. Mstari wa pili: wale ambao hawajawahi kuandika.

Sasa sisi watu wa databesi tuna tabia moja mbaya. Hatuendeshi amri yote. Tunaipaka kwa mausi, na ile sehemu iliyogeuka bluu ndiyo inayoendeshwa. Nilipaka mstari mmoja. Wa kwanza.

Nikabonyeza.

Na kwenye jukwaa lile mwanachama akifutwa, maneno yake yote yanaondoka naye. Nani alilipanga hivyo? Mimi. Nilikuwa naona ni usafi.

Mwanzoni sikuogopa. Nikajiambia, bakapu ipo. Kila siku mashine inatengeneza nakala ya akiba ya kila kitu, na kila siku inaniandikia "imekamilika". Mimi ndiye ninayewasema watu wazima mbele za watu: umewahi kujaribu kuirudisha hiyo bakapu yako? Kama hujawahi, huna bakapu, una matumaini.

Nikafungua nakala ya Ijumaa. Tupu.

Ya Alhamisi. Tupu.

Nikarudi mwezi mmoja, mitatu, saba... Diski ya bakapu, si ile ya jukwaa, ilijaa miezi saba iliyopita, mashine ikawa inahifadhi mafaili matupu na kuniandikia kwamba imekamilika. Na zile za nyuma zaidi ya hapo ilikuwa inazifuta yenyewe kupunguza mzigo. Sikuwahi kujaribu kurudisha hata moja. Mimi, mwalimu wa bakapu.

Nikakaa sakafuni.

Nikampigia Derlis. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minane kusikia sauti yake kwenye simu.

"Derlis, nimeharibu."

"Najua. Ukurasa haufunguki. Rudisha bakapu."

"Hakuna bakapu."

"Rudia."

"Hakuna, kaka. Ziko tupu."

"Nidia, wewe ulinitukana mbele ya watu wote kwa sababu ya bakapu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mle ndani kulikuwa na siku mwanangu alipozaliwa. Watu walikesha nami nikiwa hospitali, wakiniandikia utani nisizimie."

"Nisamehe..."

Akakata.

Saa nane mchana Maritza akanitumia picha ya kioo cha simu yake. Kundi jipya la WhatsApp, watu sitini na moja tayari. Derlis ndiye aliyelifungua. Juu kabisa alikuwa ameandika: "Tuanze upya. Nidia asiingizwe. Nahisi alifanya makusudi, alikuwa anatafuta kuheshimiwa."

Maritza akaandika chini ya picha, "Shoga, nimejaribu kukutetea. Watu wana hasira. Waache wapoe kwanza."

"Na wewe umo humo?"

"Nimo."

"Sawa."

Sikumlaumu. Angebaki na mimi afanye nini?

Niwaambie ukweli ndugu zangu, Jumamosi ile nililia hadi kichwa kikaniuma. Mtaa mzima ulikuwa umelala usingizi wa mchana, joto kali, hata mbwa hawabweki. Nikachukua simu nitafute wa kumpigia. Nikapitia majina kuanzia A hadi mwisho. Fundi bomba. Daktari wa meno. Bosi. Duka la gesi. Mama, ambaye namba yake sijaifuta.

Yale maneno yangu ya Alhamisi yakanirudia yote. Hata akiondoka nani atajua? Kumbe nilikuwa najisema.

Jumapili mchana, barua pepe. Visita.

"Dada Nidia, ukurasa haunifungukii tangu jana, nimeelewa umenifuta kama ulivyosema. Sikulaumu, ni kazi yako. Nauliza jambo moja tu. Nina kurasa nilizokuwa nahifadhi kwenye kompyuta ili nizisome tena. Je, ni kosa nikibaki nazo? Au na zenyewe nizifute?"

Niliisoma mara tano.

Alidhani amefutwa yeye peke yake!

Chini alikuwa ameweka namba ya simu. Nikapiga.

"Haloo?" Sauti ya mama mtu mzima.

"Ndiye Visita?"

"Ndiye. Porfiria. Nani mwenzangu?"

"Nidia wa jukwaa. Mama, usifute kitu. Tafadhali, usiguse chochote. Una kurasa ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Nyingi. Mpwa wangu alisema mia sita na ngapi sijui. Nimekosea?"

"Mama, kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wa Eulogio."

Kesho yake Jumatatu nilimwomba bosi ruhusa, nikapanda basi la Villarrica. Saa tatu za njia nikiwa nimepakata kompyuta na mfuko wa chipa (mikate midogo ya jibini) niliyonunua kituoni, na sikuweza kula hata moja.

Ña Porfiria (Ña ndivyo tunavyomwita mama wa heshima) alinipokea mlangoni. Mfupi, nywele nyeupe, kanda mbili miguuni. Kuku walikuwepo kweli, wamejaa uani.

Akaniketisha chini ya kivuli cha paa, akatia maji ya barafu kwenye pembe ya ng'ombe ya kunywea tereré, akanywa yeye kwanza, akanipa. Nikanywa, nikamrudishia.

"Asante, mama."

Akaiweka pembe pembeni.

Nikashangaa, halafu nikakumbuka. Kwetu ukisema asante wakati wa tereré maana yake umetosheka, usipewe tena. Mtoto wa miaka mitano anajua hilo. Mimi nilikuwa nanywa peke yangu kwa muda mrefu kiasi kwamba nilisahau.

"Nilikuwa bado, mama."

"Nilijua," akasema, akanijazia tena.

Akanionyesha kompyuta ya Don Eulogio. Ndani yake, kurasa mia sita na kumi na mbili za Kona ya Porojo. Alianza kuzihifadhi baada ya msiba. Nenosiri lake mzee alizikwa nalo, hakumwachia mtu, kwa hiyo mpwa wake akamfungulia akaunti mpya na kumfundisha kuhifadhi ukurasa. Kila baada ya siku moja au mbili akawa anahifadhi ukurasa mmoja, hata wa miaka ya nyuma, ule uliomgusa siku hiyo.

Nikafungua folda, nikashika kichwa.

Mafaili hayakuwa na namba wala tarehe. Alikuwa ameyapa majina yake mwenyewe. "Eulogio aunguza nyama." "Maritza na mwenye nyumba wake." "Mtoto wa Derlis kazaliwa." "Mvua kubwa." "Mvua kubwa nyingine."

"Mama, tarehe ziko wapi?"

"Si zimo humo ndani?"

Zilikuwemo kweli. Kila ujumbe umeandikwa juu yake "jana", au "siku tatu zilizopita", au "mwaka mmoja uliopita". Jana ya lini? Ya siku aliyohifadhi. Na aliihifadhi lini? Mpwa alihamisha mafaili kwenye diski mpya ya kompyuta hii, yote yakasoma tarehe moja ya kuhamishwa.

Miaka kumi na minane ya kazi yangu haikunisaidia kitu. Mtu pekee duniani aliyejua utaratibu wa kurasa zile alikuwa yule mama.

"Hii ya mvua kubwa, ilikuwa kabla ya mtoto wa Derlis au baada?"

"Baada. Mvua ile ndiyo iliyoua mpapai wangu. Mtoto alikuwa ameshaanza kukaa."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ni ya mwaka Eulogio alipoanza dawa. Ona anavyoandika, maneno machache. Mikono ilikuwa inamuuma."

Nikawa naandika. Yeye anakumbuka, mimi naweka namba. Nilikwenda kwa siku moja, nikakaa nne. Nililala chumba chenye cherehani, asubuhi naamshwa na harufu ya mbeju, chapati ya wanga wa muhogo na jibini, jikoni.

Siku ya pili, tunakula, akasema bila kuniangalia:

"Eulogio alikuwa anakutaja sana."

"Mimi?"

"Alikuwa anasema, yule msichana anaandika hata Krismasi saa ya chakula. Porfiria, huyu hana mtu. Alitaka kukualika hapa. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia usimsumbue, mtoto wa mjini huyo, ana watu wake."

Nikaweka kijiko chini.

"Sina watu, mama."

"Ndiyo hivyo. Nilikuja kuelewa baadaye, nilipoanza kusoma mwenyewe."

"Mbona hukuniandikia?"

"Nilikuwa naandika. Nikimaliza nasoma, naona si mambo ya watu wasomi, nafuta. Karibu kila siku."

Miaka mitatu mama huyu alikuwa ananiandikia na kufuta. Na mimi nilikuwa na orodha yenye jina lake, pembeni imeandikwa: ujumbe sifuri.

Siku ya nne tukafika faili la mwisho mwisho. Nikaondoa mkono kwenye kompyuta. Maana nilijua Alhamisi ile ipo, na nilijua yeye husoma kila kitu.

"Mama... ile siku niliyoibandika barua yako, tukakucheka. Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Yote?"

"Yote, mwanangu. Hadi uliposema nani atajua."

Sikuwa na pa kuweka uso wangu.

"Ulihifadhi na hiyo?"

"Nilihifadhi. Si ni siku kama siku nyingine?"

Nikaitafuta kwenye folda. Sikuiona. Nilikuwa natafuta neno baya, maana ningekuwa mimi ningeipa jina la kutisha.

Akanyoosha kidole, akanigusia kwenye kioo.

Faili lilikuwa limeandikwa: "Nidia amechoka."

Hapo nililia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu nimzike mama. Ña Porfiria alinishika shingoni kwa nyuma, akaniacha nimalize.

Jukwaa lilifunguliwa Jumatano iliyofuata, kurasa mia sita na kumi na mbili zikiwa kwa mpangilio wake. Si zote za miaka tisa, nyingine zimepotea na hazirudi. Bakapu sasa nairudisha kila Jumapili kwenye mashine nyingine kuona kama inafanya kazi kweli, na Derlis ana nakala yake, sishiki ufunguo peke yangu.

Ndiyo, Derlis. Nilimtumia ukurasa wa mwanawe kwanza kabla ya kumtumia mtu mwingine yeyote. Alikaa siku nzima bila kujibu. Kisha akapiga.

"Nilisema ulifanya makusudi."

"Niliona."

"Nilijua si kweli nilipokuwa naandika."

"Najua, kaka."

"Huyo aliyezihifadhi ni nani?"

"Yule ombaomba wetu."

Akaniomba namba ya Ña Porfiria. Walichoongea sikuuliza.

Ndugu yangu unayesoma hapa, najua simulizi za huku mtandaoni huishia na mtu kukwambia uandike maoni, ili ajue mko wangapi. Mimi nilikuwa hivyo. Nilihesabu vicheko ishirini na saba vya kumcheka mtu aliyenipenda, nikadhani asiyesema hayupo.

Kwa hiyo kama wewe ni wa kusoma tu, huna la kuandika, au umeandika ukafuta... usijisumbue. Kaa. Nafasi yako ipo, na humu hakuna atakayekugusa.